Mahoro na Neno la Mtaalamu

Alhamisi, tarehe 13 Machi 1997. Asubuhi hiyo pale Kibirizi mvua ilikatika alfajiri, ukungu ukalala juu ya ziwa, na milima ya Zaire ng'ambo haikuonekana kabisa, kana kwamba mwenyewe amekuja kuichukua.

Aliyeonekana vizuri ni Bwana Feliksi Mkude, mtaalamu wa mbwa.

Tulimwacha katika sehemu ya wiki iliyopita amepanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, mguu mmoja hewani, na mkono wake wa kulia kinywani mwa Mahoro. Najua mlijiuliza kama mkono ule utabaki. Wengine mliomba, Mungu awalipe. Basi tulieni. Mkono ulibaki. Kilichokuwa kinywani ni mkono wa koti.

Tena Mahoro hakuuchana. Aliushika tu, kama mtu aliyempokea mgeni mzigo na hajaonyeshwa pa kuutua.

"Mama Esther," mtaalamu alisema kutoka juu ya mtumbwi, kwa sauti ya mtu aliyeketi ofisini, "unaona? Ndicho nilichokuwa nakueleza."

"Naona, Bwana Mkude," alijibu Verediana.

"Mbwa huyu ameonja vita."

"Ameonja koti," alisema jirani yake Melania, akiendelea kugeuza dagaa wake kwenye kichanja.

Mtaalamu alijinyofoa taratibu kutoka ndani ya koti, bega moja, kisha la pili, akarukia upande wa pili wa mtumbwi. Mahoro alibaki na koti tupu. Alilibeba hadi miguuni kwa Verediana, akaliweka chini, akakaa.

Kwa aliyeanza kusoma leo, mambo yenyewe ni haya. Verediana, ambaye mtaani humwita Mama Esther, ni mjane wa Kiha, muuza dagaa, mwanakwaya, mtu wa rozari. Mwaka jana, boti ya wakimbizi kutoka Rumonge, Burundi, ilipofika Kibirizi, nahodha alikuwa ameanza kuwatupa mbwa wawili majini ili boti ipate nafuu. Verediana aliingia ziwani na kitenge chake cha kanisani, akawatoa. Mwenye mbwa, mwanamke aitwaye Honorata, alipakiwa kwenye lori la kwenda kambini, na lori halikupakia mbwa.

"Nitakutunzia mpaka urudi," Verediana alimwambia, rozari mkononi.

Honorata alijibu neno moja tu kabla lori halijaondoka. "Mahoro haumi. Mahoro anashika."

Watu walidhani ni Kiswahili cha ugenini.

Mahoro ni mbwa mwekundu mwenye kifua cha ndama, na jina lake kwa Kirundi ni amani. Mwenzake ni Bwiza, jike mweupe anayelala chini ya kichanja tangu asubuhi hadi jioni. Mtaalamu alimtazama Bwiza mara moja tu, siku ya kwanza, akatikisa kichwa.

"Huyu ndiye wa kuogopwa," alisema. "Yule mwekundu anasema. Huyu anapanga."

Mtaalamu aliitwa kwa sababu Mahoro alikuwa akiwabwekea wapita njia. Alikuwa mgeni, mtu wa Morogoro, akasema amekaa miaka na mbwa wa ulinzi kwenye mashamba ya mkonge. Ushauri wake ulikuwa mwingi. Mbwa ale ugali baridi usio na chumvi. Asitazamwe machoni. Kabla ya kumpa chakula, mwenye nyumba amzunguke kinyumenyume, ili mbwa ajue nani mkubwa. Verediana alifuata yote. Kila jioni alimzunguka Mahoro kinyumenyume na sufuria mkononi, akisali Salamu Maria kimoyomoyo, maana ushauri haukukataza hilo.

Lakini ushauri mkubwa kuliko wote ulikuwa Neno la Utii.

"Mbwa akimsogelea mtu," mtaalamu alifundisha mtaa mzima, "mwambieni kwa sauti itokayo tumboni: Fata! Yaani afate nyuma yako. Hilo ndilo neno la kwanza la mbwa mwenye adabu."

Kabla ya ushauri, Mahoro alibweka. Baada ya ushauri, alishika kikapu cha Melania. Alishika shati la mwalimu wa kwaya dakika chache kabla ya Misa. Alishika kanzu ya Mzee Saad, balozi wa nyumba kumi, tena siku ya Ijumaa. Mzee Saad alirudi nyumbani akaiosha kanzu mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomwelekeza, akafika msikitini hotuba imekwisha.

Kila mara alikuwapo mtu wa kutamka Neno la Utii. Na kila lilipotamkwa kwa nguvu zaidi, Mahoro alishika kwa nguvu zaidi. Mtaalamu alieleza kuwa hiyo ni dalili ya ukaidi.

Sasa Mzee Saad mwenyewe alikuwa anakuja ufukweni, mwavuli kwapani.

"Shikamoo, Mzee," alisema Verediana.

"Marahaba. Bwana Mkude, mbona hukuvaa koti lako na kuna baridi?"

"Nimelipumzisha, Mzee."

Mzee Saad alilitazama koti, akamtazama Mahoro, akasogea hatua moja nyuma.

"Mama Esther, nisikilize bila kukasirika. Jana jioni Hasna, mke wa Nuhu, alipita hapa. Watu wakamwona mbwa anamwendea, wakapiga kelele za neno lenu hilo. Mbwa akamshika khanga, Hasna akaanguka. Wewe unajua Hasna ni mjamzito."

Verediana alishika kifua. "Yuko wapi?"

"Amelala. Mama zake wanasema mtoto anacheza, alhamdulillahi. Lakini mimi nimelala macho." Akamgeukia mtaalamu. "Bwana Mkude, nataka jibu la lugha moja. Wanafundishika au hawafundishiki?"

Mtaalamu alifikiri kwa muda wa kutosha kuonekana amefikiri.

"Hawafundishiki."

"Wote wawili?"

"Hasa yule anayelala."

"Basi," Mzee Saad alisema taratibu, "Dismasi mgambo atakuja na gobore lake leo, baada ya adhuhuri."

"Balozi!" Verediana alipiga magoti mchangani. "Nilimwahidi mwenzangu. Ulikuwapo. Ulinisikia."

"Nilikusikia, mama. Nami watu wa mtaa huu niliwaahidi usalama. Inuka. Usinipigie magoti mimi, si Mungu."

Aliinuka. Lakini alikwenda kupiga magoti mahali pengine, ukingoni mwa maji, ambako mawimbi madogo yalimlowesha upindo wa kitenge. Ilikuwa Kwaresima, naye alikuwa hajatia kitu kinywani.

"Bwana," alisali, "mimi mbwa siwajui. Umeniletea anayewajua, nikamtii, na mambo yameharibika. Kama wanakufa leo, ni wako, wewe ndiye uliyewaumba. Lakini Honorata akija, nitamtazama na macho gani? Alinyang'anywa nyumba, akanyang'anywa mume, akanikabidhi mimi kilichobaki. Nisaidie nisiwe mwongo. Amina."

Akangoja.

Jibu halikuja. Ilikuja boti ya Gervasi, mvuvi mzee kutoka vijiji vya kaskazini, imejaa samaki na inayumba kwa upepo. Gervasi alisimama mbele ya boti, akaizungusha kamba juu ya kichwa, akamtupia mwenzake aliyekuwa nchi kavu.

"Fata!" alipiga kelele. "Fata, wewe!"

Mwenzake hakuiwahi.

Kitu chekundu kilimpita Verediana kama upepo. Mahoro aliingia majini hadi shingoni, akaidaka kamba kabla haijazama, akageuka, akaivuta hadi mchangani. Hapo akasimama, kamba kinywani, maji yakimchuruzika, akimtazama Gervasi kwa heshima zote.

"Mama Esther," Gervasi aliita, "huyu umeshamwandikia kazi, au bado anatafuta?"

Verediana hakucheka. Alikuwa amesimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

"Mzee Gervasi, umesema nini?"

"Nimeuliza kama umemwandikia kazi."

"Kabla ya hapo."

"Nimesema fata."

Mahoro akaikaza kamba.

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiha, mama! Ulitaka niseme na kamba kwa Kizungu?"

Msomaji, kama wewe ni Muha, ulishaniacha nyuma tangu mwanzo, nami naomba radhi. Kwa mwingine nieleze. Sisi watu wa mjini tunaposema kwa Kiswahili chetu cha mtaani "nifate", tunataka mtu aje nyuma yetu. Lakini kwa Kiha na kwa Kirundi, fata maana yake ni shika. Kamata. Verediana alilijua neno hilo kabla ya kujua kutembea. Kila Krismasi mama yake alisimama mlangoni na kisu, akamwambia: Fata inkoko! Naye alikimbia akamkamata kuku.

Juma zima mtaa mzima ulikuwa unamwamuru Mahoro awakamate watu, kisha unamkasirikia kwa kutii.

Na waliokuwa wakimwamuru, nusu yao walikuwa Waha. Verediana mwenyewe alikuwa wa kwanza, na sauti yake ya kwaya. Lakini mbele ya mtaalamu kila mtu alisikia Kiswahili.

Mahoro haumi. Mahoro anashika. Honorata hakuwa amekosea lugha. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala la mawese. Mbwa wa ghala hatakiwi kumla mwizi, anatakiwa kumshika mpaka mwenyewe aje. Basi lazima liwepo neno la kumwachisha. Verediana alilitafuta kinywani mwake, akalikuta mahali mama yake alipoliacha.

"Mahoro," alisema kwa sauti ndogo. "Reka."

Kamba ikaanguka mchangani. Mahoro akakaa.

Verediana akafanya ishara ya msalaba, akageuka, akakimbia. Ukisikia mtu anasema mama wa umri ule hawezi kukimbia, jua tu kwamba siku ile hakuwapo Kibirizi.

Lakini bunduki ilikuwa imeshafika.

Dismasi mgambo aliona mawingu yanarudi, akaona heri aiwahi mvua kuliko kungoja adhuhuri. Alikuwa amesimama penye uwanja wa Verediana na gobore lake, na watu wamejipanga kandokando. Chini ya kichanja Bwiza alikuwa amelala. Alifumbua jicho moja, akaliona gobore, akalifumba.

"Mnaona?" mtaalamu alinong'ona. "Anapanga."

"Naanza na huyu?" aliuliza Dismasi.

"Na huyo. Lakini usimwendee mbele. Fata ukuta! Fata huo ukuta, utokee nyuma yake!"

"Nyamazeni!" Verediana alipiga kelele akija mbio. "Msiseme neno hilo!"

Alichelewa. Mahoro alimpita mbio, akawapita watu, akamfikia Dismasi na kumshika mkono wa shati. Gobore likaelekea juu, likalia, na risasi ikatoboa bati la nyumba ya Melania.

"Bati langu!" Melania alilia. "Jamani, bati langu la mwaka huu!"

"Nisaidieni!" Dismasi alilia zaidi.

Na watu, kwa wema wao wote, wakamsaidia. Mtaa mzima ulipaza sauti kutoka tumboni kama ulivyofundishwa.

"Fata! Fata! Fata!"

Mahoro akafumba macho akakaza meno. Hakuwahi kuamriwa na watu wengi namna ile. Alionekana amepania kutomwangusha hata mmoja.

Sauti ya Verediana haikusikika katika kelele zile. Akapiga magoti kwenye tope, akamkumbatia yule mbwa shingoni, akaweka mdomo kwenye sikio lake lililolowa.

"Reka, Mahoro. Reka."

Mahoro akaachia.

Dismasi alijitazama mkono, akaukunjua, akaukunja. Shati lilikuwa na mate. Ngozi haikuwa na kitu.

Ndipo Verediana alipomziba Mahoro masikio kwa viganja viwili, akawaeleza watu lile neno kwa Kiha ni nini. Waha wakatazamana kama watu waliokaa matangani tangu asubuhi, kisha wakagundua wamekosea nyumba.

"Hee!" alisema Melania, amesahau bati. "Kumbe kikapu changu nilikitoa mwenyewe!"

"Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema mtaalamu, "kwamba mbwa huyu ni mtiifu."

"Ulisema hafundishiki," alisema Mzee Saad.

"Kwa sababu ameshafundishwa."

Mzee Saad alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma kibao kilichofutika. Kisha akamgeukia Verediana, na sauti yake haikuwa na ukali.

"Mama Esther, nimeona. Lakini nimekuona wewe tu. Wewe unampikia, anakujua. Siku ukienda Kasulu, au ukiugua, nani atamwachisha? Hasna wa watu kesho atatoka nje. Nimwambie nini? Ajifunze Kiha?"

"Mtaa mzima tutajifunza neno lile la pili, Balozi. Ni dogo."

"Neno dogo ndilo lililotufikisha hapa." Akapiga ncha ya mwavuli chini. "Nataka kuona mtu mwingine. Asiyekuwa Muha. Asiyempikia mbwa huyu wala kupendwa naye. Mkono wake uwe kinywani, na yeye mwenyewe amwambie aachie, mbele ya watu wote, hata Nuhu akiwapo. Mbwa akiachia, wanakaa mpaka mwenyewe arudi, na mimi mwenyewe nitawatetea. Asipoachia, Dismasi atajaza gobore, na hapo usiniombe tena."

"Mkono wangu uko hapa," alisema Verediana.

"Wako haufai. Nimesema asiyempikia."

Verediana aliinua macho akawazungukia watu. Nuhu alikuwa kazini. Dismasi alikuwa anakagua shati. Melania alikumbuka dagaa wake. Mmoja mmoja macho yao yalikimbilia ziwani, kwenye ukungu, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Alihisi ile ahadi yake inamtoka vidoleni. Akaishika rozari mfukoni.

Kikohozi kilisikika nyuma yake. Alikuwa mtaalamu, bila koti, mabega yamemshuka.

"Mama Esther," alisema kwa sauti ambayo Verediana peke yake aliisikia. "Kule mkonge, mimi nilikuwa mpishi wa mbwa. Chakula niliwapitishia dirishani. Sijawahi kumgusa mbwa tangu mama yangu anizae."

Verediana alimgeukia. Akasema, "Pole, Bwana Mkude."

"Huyu wako ndiye wa kwanza kunigusa." Akalitazama koti lake. "Neno lenyewe ni lipi?"

"Reka."

"Leka."

"Reka, Bwana Mkude. Ulimi upige."

"Ndivyo ninavyosema. Leka. Mbona hata kwetu Uluguru lipo? Mama alitwambia hivyohivyo tukigombania kitu. Leka!"

Verediana alimtazama Mahoro. Mahoro alikuwa amelala mchangani karibu na Bwiza, kidevu juu ya koti, na sikio lake halikucheza. Kama kwake yale ni neno moja au maneno mawili, Mungu pekee ndiye aliyejua, na Verediana akamwambia hivyo.

"Tujaribu sasa, kidogo tu," alisema.

"Sasa sitaweza," alisema mtaalamu. "Kesho nitaweza. Niache nilale nalo."

Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanaanguka. Watu walianza kuvuta maturubai juu ya dagaa. Bwana Feliksi Mkude akaenda kwenye ule mtumbwi uliopinduliwa, akapanda juu yake kwa mara ya pili siku ile, safari hii hakuna aliyemfukuza. Akakunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Mkono wenyewe ulikuwa mwembamba.

"Balozi," aliita. "Na ninyi nyote. Simameni kidogo, mnisikie."

Watu wakasimama, maturubai mikononi.

"Mimi, Feliksi Mkude, naahidi mbele yenu, na Mungu anasikia. Kesho Ijumaa, Mzee Saad na wenzake wakitoka msikitini, nitasimama hapa bila koti. Mama Esther atalitamka neno lile la kwanza. Na mkono wangu huu ukishakuwa kinywani mwa Mahoro, mtu asinisaidie, mtu asipige kelele, wala Dismasi asiguse gobore, mpaka niseme mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu: leka."